Somo la Nyumbani: Kuchagua Vifaa vya Kuhamisha Kanda za Video za Zamani hadi Dijitali

Nyumba nyingi katika kaunti yetu zina sanduku au kabati lenye kanda za video za zamani. Ndani yake mna harusi ya mwaka 1991, siku ya kupeleka mahari, mahafali ya mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu, na mazishi ya mzee ambaye wajukuu wake hawakuwahi kuisikia sauti yake. Zamani kanda hizo zilichezwa kila Krismasi jamaa walipokutana. Kisha deki ikaharibika. Mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya televisheni ya analojia, familia nyingi ziliweka kando televisheni ya zamani pamoja na deki iliyokuwa chini yake. Kanda zikabaki sandukuni.

Somo la toleo hili ni la mkazi anayetaka kuhamisha kanda hizo hadi kwenye kompyuta, diski au simu, lakini hajui aanze kununua nini. Jibu letu kwa ufupi ni hili: anza na kifaa kinachocheza kanda, ndipo utafute kile kinachonasa picha. Watu wengi hufanya kinyume. Huona kifaa kidogo cha USB dukani, wakakinunua, halafu wakaazima deki yoyote iliyo karibu. Lakini picha ambayo deki imeshindwa kuisoma haitarudishwa na kompyuta yoyote, hata iwe ya bei gani.

Ili somo lieleweke, tutatumia mfano wa familia ya kubuni: mama mmoja, wanawe watatu, na kanda saba za VHS. Mojawapo ya kanda hizo ndiyo picha pekee ya nyanya yao akizungumza.

KWA NINI TUSINGOJE

Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga wa sumaku ulioshikwa na gundi. Picha na sauti zimo ndani ya unga huo. Joto, unyevu na vumbi huidhoofisha gundi. Utepe hunata, hujikunja au huota kuvu. Kanda iliyokaa juu ya dari ya mabati au katika stoo yenye unyevu huzeeka haraka kuliko iliyokaa kabatini mahali pakavu penye kivuli.

Tatizo la pili ni mashine yenyewe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Tangu hapo, kila deki unayoiona sokoni ni ya zamani, na vipuri vyake hutolewa katika deki nyingine iliyokufa. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video, IASA, walitoa tahadhari kwamba kanda za sumaku ambazo hazingehamishwa kufikia mwaka 2025 zilikuwa hatarini kupotea, kwa sababu mashine za kuzicheza zilikuwa zikiisha. Mwaka huo umeshafika, na kanda yako bado inaweza kuwa nzima. Usiiache ikae miaka mingine kumi.

HATUA YA 1: IJUE KANDA YAKO

Kabla ya kwenda dukani, toa kanda zote, zipange mezani na uandike orodha. Angalia mambo manne.

Kwanza ni aina. Kanda kubwa ya kawaida ni VHS. Ile ndogo, yenye utepe wa upana uleule, ni VHS-C, nayo huingizwa katika deki ya kawaida kwa kutumia adapta yenye umbo la kanda kubwa. Kanda ndogo zilizoandikwa Video8 au Hi8 ni tofauti kabisa. Hazina adapta ya kuziingiza katika deki ya VHS, na ni lazima upate kamera au mashine ya aina hiyo. Kanda ndogo zaidi zilizoandikwa MiniDV tayari zina picha ya dijitali ndani yake. Hizo hunakiliwa kutoka kwenye kamera kwa kebo ya FireWire, na hakuna haja ya kununua kifaa cha kunasa picha ya analojia.

Pili ni mfumo wa rangi. Kenya ilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. Ikiwa mjomba alikutumia kanda kutoka Marekani, huenda deki ya PAL pekee ikaionyesha bila rangi au ikashindwa kabisa. Kwa kanda hiyo utahitaji deki inayosoma mifumo yote miwili.

Tatu ni muda. Kanda iliyoandikwa E-180 ina dakika 180, yaani saa tatu, kwa mwendo wa kawaida. Ikiwa ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole ulioandikwa LP, ina saa sita, na deki yako ni lazima iwe na uwezo wa LP.

Nne ni afya ya kanda. Tazama kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa yanayofanana na majivu kando ya utepe, huenda ni kuvu. Usiiingize katika deki. Kuvu itachafua mashine, na mashine itaambukiza kanda nyingine zote. Itie katika mfuko wake peke yake hadi umpate fundi anayejua kuisafisha.

Jambo moja zaidi kabla hujafunga orodha. Kwenye ukingo wa nyuma wa kanda ya VHS kuna kijino kidogo cha plastiki. Kikiwepo, deki inaweza kurekodi juu ya picha zako kwa bahati mbaya. Kivunje. Kuanzia hapo kanda itachezwa tu, haitafutika kwa kubonyeza kitufe kisicho chake.

HATUA YA 2: CHAGUA DEKI

Hapa ndipo pesa zako nyingi zinapaswa kwenda. Ndani ya deki mna ngoma ndogo ya chuma yenye hedi za kusomea. Katika mfumo wa PAL ngoma hiyo huzunguka mara 25 kila sekunde, huku utepe ukipita juu yake kwa mshazari. Hedi ikichafuka au ikichakaa, picha hujaa chembe nyeupe kama theluji. Mpira wa kuvuta utepe ukilegea, sauti huyumba na picha huruka. Ngoma ikiwa na mikwaruzo, utepe wako utakwaruzwa pia.

Kwa hiyo usinunue deki kwa kusikia tu kwamba "inawaka". Nenda na kanda yako ya majaribio, mathalani filamu ya zamani ambayo hutajali ikiharibika. Mwambie muuzaji aiunganishe na televisheni, kisha ufanye mtihani huu wa dakika kumi:

1. Sikiliza kanda inapoingia. Mlio wa kukwaruza au wa kugonga ni ishara mbaya.
2. Tazama picha kwa dakika tano mfululizo bila kugusa kitu. Je, imetulia, au inaruka na kupinda kwa juu?
3. Sikiliza sauti ya mazungumzo na ya muziki. Je, inayumba?
4. Peleka kanda mbele, kisha uirudishe nyuma. Je, inasimama yenyewe njiani?
5. Itoe kanda, ufungue kifuniko chake cha mbele na uutazame utepe. Ukingo uliokunjika au wenye mikwaruzo mipya unakuambia uache deki hiyo, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Mistari michache iliyovurugika chini kabisa ya picha isikutie hofu. Hiyo ni kawaida ya VHS; televisheni za zamani ziliificha nyuma ya fremu.

Deki ikipita mtihani, tazama soketi za nyuma. Unachotaka ni soketi za rangi: njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Deki yenye sauti ya upande mmoja itakuwa na njano na nyeupe pekee, nayo inafaa. Ukibahatika kupata deki ya S-VHS yenye soketi ya mviringo ya S-Video, ichukue ikiwa bei si kubwa mno, kwani soketi hiyo hutoa rangi na mwangaza kupitia nyaya tofauti na picha huwa safi zaidi. Deki chache za hali ya juu zina maandishi TBC. Sehemu hiyo huunyoosha mwendo wa picha inayotikisika, na ni msaada mkubwa kwa kanda zilizozeeka. Epuka kutumia soketi ya waya wa antena ikiwa kuna soketi za rangi, kwa sababu njia ya antena hupunguza ubora.

Angalia pia kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni wa volti 240. Deki iliyoletwa kutoka Marekani na kuandikwa volti 120 pekee itaungua siku ya kwanza ukiichomeka ukutani bila transfoma.

Na ikiwa una deki yako ya zamani chini ya meza? Usiitupe. Usiingize kanda ya maana pia. Mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki aifungue, apulize vumbi, asafishe hedi na akague mipira. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinavyofundisha ukarabati wa vifaa vya elektroniki ni mahali pazuri pa kuulizia fundi wa kazi hii. Kusafisha hedi hutumia alkoholi safi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, deki ikiwa imechomolewa, na kukingoja kimiminika kikauke kabisa. Petroli haifai, wala pamba ya masikio, ambayo nyuzi zake hunasa kwenye hedi na kuivunja.

HATUA YA 3: CHAGUA KINASA

Kinasa ni kifaa kinachopokea picha ya analojia kutoka kwa deki na kuigeuza kuwa faili. Kuna aina nne utakazokutana nazo.

Kinasa cha USB. Ni kidogo, kina soketi za njano, nyeupe na nyekundu upande mmoja, na USB upande wa pili. Ndicho kinachofaa nyumba nyingi. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Je, kinapokea PAL? Je, kinafanya kazi na toleo la programu-endeshi lililo kwenye kompyuta yangu? Je, kina soketi ya S-Video, ikiwa deki yangu inayo? Vingi vya bei ya chini huja na sidii ya programu iliyotengenezewa kompyuta za miaka mingi iliyopita, na laptopu ya leo haina hata mahali pa kuiingiza sidii hiyo. Kinachotambuliwa na kompyuta bila sidii ni salama zaidi. Omba kijaribiwe kwenye laptopu yako hapo dukani.

Kisanduku kisichohitaji kompyuta. Hiki kina skrini ndogo na hurekodi moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi. Ni rahisi hata kwa mzee asiyetumia kompyuta. Kasoro yake ni kwamba vingi hubana picha papo hapo, na huwezi kuchagua kiwango cha ubora. Kwa mwenye kanda chache na asiye na laptopu, kinatosha. Hakikisha tu kwamba kinapokea PAL.

Mashine ya kurekodi DVD. Ukiwa nayo nyumbani na bado inafanya kazi, inaweza kutumika, na mara nyingi huishika picha inayotikisika vizuri kuliko kinasa duni cha USB. Lakini usiishie kwenye sidii ya DVD. Hamisha faili zake hadi kwenye diski, kwa sababu sidii za kurekodi hukwaruzika na huzeeka.

Kigeuzi cha kuingia HDMI. Hapa wengi hupoteza pesa. Kazi yake ni kuonyesha picha ya deki kwenye televisheni mpya. Hakirekodi chochote. Utahitaji kifaa kingine cha kunasa HDMI, na vigeuzi vingi huivuta picha ijaze televisheni pana, nyuso za watu zikawa bapa. Picha ya VHS ina uwiano wa 4 kwa 3. Iache hivyo, na milia myeusi ibaki kushoto na kulia.

Kuna njia nyingine inayotumiwa na wengi: kuirekodi televisheni kwa simu. Picha humetameta na sauti huchanganyika na kelele za chumbani. Itumie tu ikiwa deki inakufa na huna njia nyingine.

HATUA YA 4: KOMPYUTA, PROGRAMU NA DISKI

Huhitaji kompyuta mpya ya bei ghali. Laptopu inayofanya kazi bila kukwama, yenye nafasi ya kutosha, inafaa. Faida yake nyingine ni betri: umeme ukipotea, faili haikatiki ghafla, ingawa deki itazima. Chomeka kinasa moja kwa moja kwenye laptopu, usipitie kigawanyaji cha USB. Zima pia mpangilio unaoilaza laptopu baada ya dakika chache.

Kuhusu programu, usikimbilie za kulipia. OBS Studio ni ya bure na hurekodi kutoka kwa vinasa vingi. VLC, ambayo pia ni ya bure, itakusaidia kutazama ulichorekodi. HandBrake, nayo ya bure, hupunguza ukubwa wa faili baadaye. Weka programu ya kurekodi kwenye PAL, pikseli 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Ukichagua NTSC kwa kanda ya PAL utapata picha nyeusi na nyeupe, au inayoviringika.

Video ya analojia huchorwa kwa mistari inayopishana, nusu picha kwanza, kisha nusu ya pili. Kwenye skrini ya kompyuta, mtu anayetembea anaweza kuonekana ana meno kama ya kitana kandokando. Kanda haijaharibika. Programu nyingi za kurekodi au za kutazama zina kitufe cha kuondoa meno hayo.

Sasa hesabu ya nafasi. Familia yetu ya mfano ina kanda saba za saa tatu, jumla ya saa 21. Wakihifadhi kwa ubora wa juu wa aina ya DV, kila saa huchukua takriban gigabaiti 13, nao watahitaji gigabaiti 273. Diski ya nje ya gigabaiti 500 inawatosha. Wakihifadhi kwa faili iliyobanwa ya megabiti 5 kwa sekunde, kila saa itachukua takriban gigabaiti 2.25, na zote saba takriban 47. Flashi ya gigabaiti 64 itazibeba. Ushauri wetu ni kuhifadhi ile kubwa kwenye diski kama nakala mama, na ile ndogo ndiyo ya kuwatumia jamaa.

Tahadhari moja kuhusu flashi: nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kurekodi kutasimama katikati ya harusi nawe uko jikoni. Ipange upya flashi kwa exFAT ikiwa ingali tupu.

KUNUNUA, KUSHIRIKIANA AU KUMPA FUNDI?

Hebu tufanye hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Ulizia bei halisi mahali ulipo. Tuseme fundi anadai shilingi 800 kwa kanda moja. Kanda saba ni shilingi 5,600. Tuseme deki nzuri iliyotumika, kinasa na kebo vinagharimu shilingi 9,000 kwa jumla. Kwa familia yenye kanda saba, fundi ni nafuu. Kwa mwenye kanda 12 au zaidi, kununua ni nafuu.

Lakini kuna njia ya tatu, na sisi tunaijua vizuri: chama. Nyumba tatu za jirani zenye jumla ya kanda 20 zingemlipa fundi shilingi 16,000. Wakichanga shilingi 3,000 kila nyumba, wanapata vifaa vyao, na wakimaliza wanaweza kuviuza au kuvikodisha kwa nyumba nyingine. Vikundi vya kanisa, msikiti au wazazi wa shule moja vinaweza kufanya vivyo hivyo.

Ukiamua kumpa fundi au duka, andika makubaliano kabla ya kuacha kanda zako. Muulize: Nitarudishiwa kanda zangu zote? Nitapewa faili, au DVD pekee? Faili itakuwa ya ubora gani? Mtafuta lini nakala zitakazobaki kwenye kompyuta yenu? Kanda za nyumbani zina watoto, wagonjwa na mambo ya ndani ya familia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa binafsi za watu kuzilinda, na una haki ya kuuliza. Dai risiti yenye idadi ya kanda.

Kumbuka pia kwamba haya yote yanahusu kanda ulizorekodi mwenyewe au uliyemlipa mpiga picha akurekodie. Filamu na nyimbo zilizouzwa dukani zina wenyewe, na kuzinakili ili kuzisambaza ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki.

SIKU YA KUANZA

Kanda huhamishwa kwa mwendo wake wa kawaida. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Panga siku, na uilinde deki kwa kifaa cha kuzuia mishtuko ya umeme.

Usianze na kanda iliyo ya thamani kuliko zote. Anza na ile ambayo haitakuuma sana ikiharibika, ujifunze nayo. Rekodi dakika tano, simamisha, itazame faili kwa VLC, sikiliza sauti kwa vipokea sauti vya masikioni. Ikiwa sauti inatoka upande mmoja tu, irekebishe kwenye programu kabla ya kuendelea. Kila ukimaliza kanda, chungulia ngoma na utepe. Ukiona uchafu, safisha kabla ya kuingiza nyingine.

Lakini usiiache kanda ya thamani iwe ya mwisho. Deki ni mzee pia, na inaweza kufa kabla ya kufika huko. Katika mfano wetu wa kanda saba, kanda ya nyanya iwe ya tatu au ya nne: mikono imeshazoea, na mashine ingali na nguvu.

Faili zikiwa tayari, zipe majina yanayoeleweka, kwa mfano mwaka, tukio na mahali. Fanya nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, na moja katika nyumba ya jamaa anayeishi mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto, mafuriko au mwizi hawezi kufika kote kwa siku moja. Kanda zenyewe zirudishe sandukuni, zikisimama wima kama vitabu, mahali pakavu. Usizitupe, huenda siku moja ukapata deki bora zaidi. Usizichome pia. Moshi wa plastiki hiyo ni sumu.

ZOEZI LA WIKI HII

Toa kanda, andika orodha, vunja vijino. Kazi hiyo haikugharimu hata shilingi.

Kisha fanya jambo moja ambalo hakuna kifaa kitakachokufanyia. Siku ya kuhamisha kanda, mwite mzee aliyekuwepo siku ile aketi karibu na televisheni. Kanda inapocheza, mwulize: "Huyu aliyevaa koti jeusi ni nani? Na yule mama anayeongoza wimbo?" Andika majina na dakika yanapotokea. Sisi tunaweza kuinunua deki nyingine, na faili inaweza kunakiliwa mara mia. Lakini watu wanaoweza kuzitaja sura zile kwa majina wanapungua kila mwaka, na faili isiyo na majina itakuwa, kwa wajukuu wetu, picha za wageni wakicheza ngoma katika uwanja wasioujua.